Namanga: kipi ununue upande huu, kipi uvuke ukanunue

Ijumaa moja mteja wangu wa Kitengela, Kenya, alisimama mbele ya genge langu hapa Namanga, mpakani, upande wa Tanzania, akaokota kitunguu kimoja juu ya rundo, akakibonyeza shingoni kwa kidole gumba. Shingo ilikuwa kavu, kitunguu kimekauka vizuri. Akakirudisha, akaniuliza, "Mama, si mnasema Afrika Mashariki hakuna ushuru? Sasa mbona kitunguu imepanda hivi?"

Nikamwambia, "Dada, ushuru wa mpakani kweli hakuna. Hicho kilichopanda ni kitu kingine." Akanitazama kama mtu anayeambiwa mvua imekatika huku bado analoa.

Swali lake lilinikaa kichwani kwa sababu ni la haki. Kila siku naona watu wakivuka na vikapu kutafuta bei upande wa pili. Wapo wanaorudi na nafuu ya kweli, na wapo wanaolipa boda kwenda na kurudi kwa ajili ya tofauti ya shilingi mia mbili. Nimeuza mboga na matunda mpakani hapa miaka tisa, na kaka yangu ni wakala wa forodha, kwa hiyo mambo haya tunayabishania hadi mezani kwa mama. Nitayapanga zao kwa zao, upande kwa upande, kwa ajili ya mwenye kikapu, mwenye kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo), na hata wewe wa Nairobi au Arusha ambaye huvuki popote ila unasimama mbele ya machungwa ya aina mbili hujui uchukue lipi.

Ushuru upi?

Neno ushuru tumelibebesha mizigo mingi. Mkulima wa Mang'ola, Karatu, akisema katozwa ushuru, anazungumzia ushuru wa mazao wa halmashauri, ule uliopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5. Mimi nikisema nimelipa ushuru asubuhi, ni ushuru wa soko. Dereva akishavuka kuelekea Nairobi anakutana na ada za kaunti. Vyote hivyo vimo ndani ya bei ya kitunguu, na hakuna hata kimoja kinachotokana na mpaka.

Ushuru wa forodha ndio wa mpakani, nao una swali moja kubwa: hili lililimwa wapi? Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Zao lililolimwa ndani ya nchi wanachama, likiwa na karatasi ya kuthibitisha hivyo, halilipi ushuru wa forodha likivuka kwenda kwa jirani. Kitunguu cha Karatu kikiingia Kenya ni sifuri. Nyanya ya Loitokitok ikiingia Tanzania ni sifuri.

Zao lililotoka nje ya jumuiya linakutana na Ushuru wa Pamoja wa Forodha, viwango ambavyo nchi wanachama wamekubaliana. Zamani viwango vya kawaida vilikuwa 0, 10 na 25 kwa mia. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, na katika bidhaa zilizopandishwa humo yametajwa matunda na jamii ya njugu. Juu kabisa kuna bidhaa zinazolindwa zaidi: mahindi asilimia 50, mchele asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa, na sukari asilimia 100 au dola 460 kwa tani kwa utaratibu huo huo.

Hapo Kenya na Tanzania zinafanana. Zinapoachana ni kwenye majirani wengine. Kenya iko COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, na ni miongoni mwa nchi zilizoanzisha eneo huru la biashara la COMESA mwaka 2000 pamoja na Misri. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka huo huo wa 2000, ikabaki SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambako Afrika Kusini yupo. Weka hilo akilini, maana ndilo linaloamua matunda.

Vitunguu

Hapa nitakaa, kwa sababu vitunguu ndivyo vinavyowavusha watu wengi kuliko zao lolote nililowahi kuuza.

Vya upande wa Tanzania ninavyouza mimi vinatoka Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, na vingine Ruaha Mbuyuni, Iringa. Ni vyekundu, vikavu, vinakaa. Vya Kenya vinavyofika hapa vinatoka Kajiado yenyewe, pande za Kimana na Loitokitok, na wenzetu wa Nairobi wanapata pia vya Kieni, Nyeri. Kitunguu cha Kieni kikivunwa vizuri hakina kasoro yoyote mdomoni. Tatizo lake huwa haraka. Bei ikipanda mkulima anang'oa kabla majani hayajalala, shingo inabaki mbichi, na neti ukiiweka stoo wiki mbili inaanza kutoa maji chini. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kisiwe bei. Bonyeza shingo. Kidole kikizama, kinunue cha kula wiki hii tu, hata kama ni nafuu.

Sasa bei. Kama ushuru ni sifuri, kwa nini kitunguu kile kile kinapanda na kushuka hivi?

Sababu ya kwanza ni msimu. Mang'ola wanalima kwa maji ya mfereji, na mavuno makubwa huja kiangazi, kuanzia katikati ya mwaka. Masika yanapoingia, Machi hadi Mei, vitunguu vizuri vinapungua na bei hupanda pande zote mbili. Miezi hiyo kuvuka hakukupi kitu.

Sababu ya pili ni noti, na hii watu wengi hawaihesabu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Ilipofika Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, huku shilingi ya Tanzania ikiwa haijasogea sana, dola moja kwa takriban 2,550. Fanya hesabu. Shilingi moja ya Kenya ilitoka kununua kama 16 za kwetu ikafika kama 19. Tuseme kilo ya vitunguu hapa ni Sh 1,600. Kwa 16, Mkenya analipa shilingi 100 za kwao. Kwa 19 analipa 84. Kitunguu ni kile kile, shamba ni lile lile, ushuru sifuri kabla na sifuri baadaye, na bei imeshuka kwa karibu moja ya sita. Ndiyo maana nasema kabla ya kuvuka, uliza kwanza noti zinabadilishwa kwa ngapi leo.

Sababu ya tatu ni karatasi. Mwaka 2023 Tanzania ilianza kusimamia kwa ukali vibali vya kusafirisha mazao nje. Malori ya mahindi yalikwama hapa Namanga, na mwaka huo huo bei ya vitunguu Nairobi ilipaa. Mwenyewe nililipia somo hilo. Nilikuwa na neti arobaini za kupeleka kwa mteja ng'ambo, cheti cha afya ya mimea ninacho, kibali cha kusafirisha sina, kwa sababu ofisi niliyouliza ilinijibu kwamba mzigo mdogo hauhitaji. Nilipofika nikaambiwa unahitaji. Mzigo ulilala siku mbili chini ya turubai, jua la Namanga mnalijua. Neti tisa nilizimwaga. Zile thelathini na moja zilizobaki niliziuza kwa bei iliyofidia zile tisa, na mteja wangu naye akaipandisha kwa wateja wake. Hayo hayaitwi ushuru popote, lakini mama mboga wa Kitengela aliyalipa.

Sababu ya nne ni ya juzi. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Zamani mnunuzi wa Kenya aliweza kushuka mwenyewe hadi Mang'ola, akasimama kwenye jaruba, akapatana na mkulima. Sasa lazima anunue kwa Mtanzania. Najua wakulima waliofurahi, maana madalali wengine walikuwa wanafunga bei wanavyotaka. Ila kwa mnunuzi wa mwisho, kati ya shamba na sufuria umeongezeka mkono mmoja, na kila mkono hula.

Uamuzi wangu kwa vitunguu: kuanzia Julai hadi Novemba, na noti ya Kenya ikiwa imesimama vizuri, nunua upande wa Tanzania, nunua vya kuweka. Kati ya Machi na Mei nunua ulipo, kidogo kidogo.

Angalia na kipimo. Hapa kwetu tunauza kwa sado, ule mkebe wa rangi wa lita nne, na kwa neti. Ng'ambo utakuta gorogoro, mkebe wao mdogo, na kilo. Sado iliyojazwa kichuguu na sado iliyosawazishwa si kitu kimoja, na mtu anayelinganisha sado na gorogoro bila mizani anabahatisha. Muuzaji akikataa kupima, nenda kwa mwenzake. Na ukinunua kwa gunia, kataa lumbesa hata kama inaonekana kukupendelea. Anayeumia kwa lumbesa ni mkulima, na gunia lililopachikwa mlima juu linapasuka njiani kabla halijafika kwako.

Machungwa na matufaha

Kwenye vitunguu pande zote mbili ni sawa kiushuru. Kwenye matunda mpaka unaonekana kwa macho.

Chukua tufaha, ambalo gengeni wengi tunaliita epo. Mengi yanayouzwa Arusha na Nairobi yametoka Afrika Kusini, katoni za kilo 18. Likiingia Tanzania na cheti cha SADC, ushuru wa forodha ni sifuri. Likiingia Kenya linakutana na ule Ushuru wa Pamoja, kwa kuwa Kenya na Afrika Kusini hawako jumuiya moja. Tuseme katoni moja yenye matufaha 100, ukijumlisha bei, nauli ya meli na bima hadi bandarini, inasimama kwa dola 20. Asilimia 35 ni dola 7. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 910 za Kenya kwa katoni, zaidi ya shilingi 9 kwa kila tufaha, kabla mwenye jokofu, mwenye lori na mwenye kibanda hawajaweka chao. Na kwa kuwa asilimia inahesabiwa pamoja na nauli na bima, meli ikipanda bei ushuru nao unapanda, hata kama kiwango hakijaguswa.

Kwa hiyo mwenye kikapu anayeishi hapa mpakani, matufaha anunue upande wa Tanzania. Lakini nisikilize wewe mwenye kirikuu unayefikiria kujaza katoni hamsini ukavuke nazo: kupita Tanzania hakulifanyi tufaha kuwa la Tanzania. Lilikua Afrika Kusini, na karatasi itasema hivyo. Ofisa wa upande wa pili atakutoza kiwango kamili, na atakuwa sahihi. Tufaha la Njombe au la Lushoto ndilo litakalopita kwa sifuri, maana mti wake uko ndani ya jumuiya. Ni dogo, halina ule mng'ao wa nta, na mimi nalipenda zaidi kwa uchachu wake, ila mzigo wake bado ni mchache na hauji mwaka mzima.

Wala sifuri ya SADC si ahadi ya milele. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo wa Tanzania wa wakati huo, Hussein Bashe, alitangaza kuzuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi. Afrika Kusini ilikuwa imefungia ndizi za Tanzania kwa muda mrefu, na Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi ya Tanzania. Hazikupita wiki mbili zuio likaondolewa ili mazungumzo yaendelee. Siku zile chache nilikuwa na katoni tatu tu gengeni, na simu zilivyokuwa zinalia ungedhani nauza dawa. Nilielewa nilikuwa na upande gani moyoni: ndizi zetu nazo zina haki ya kufika Johannesburg. Lakini nilielewa pia kwamba mteja aliyezoea tufaha la bei nafuu hajui kwamba nafuu yake imeshikiliwa na makubaliano yanayoweza kusimama kwa tangazo la siku moja.

Chungwa ni kinyume chake kabisa. Lile la Misri, la njano iliyoiva, saizi moja, ngozi nene, linaingia Kenya bila ushuru wa forodha kwa sababu ya COMESA. Likija Tanzania, Misri ni mgeni, linatozwa kama tunda la nje. Ndiyo maana supamaketi za Nairobi zina machungwa ya Misri kwa wingi na Arusha huyaoni sana.

Mpinzani wake ni chungwa la Muheza, Tanga. Hilo halilipi ushuru wa forodha popote, Kenya wala Tanzania, kwa sababu ni la nyumbani. Wapo wanaolidharau kwa kuwa ngozi yake hubaki kijani hata likiiva. Kijani hicho ni hali ya hewa tu, usiku wa Tanga hauna baridi ya kuligeuza rangi. Lipime kwa mkono: zito kuliko ukubwa wake lina maji, jepesi limeshaanza kukauka ndani. Kwa juisi sijaona linalolishinda.

Uzuri ni kwamba misimu yao inapishana. La Misri hujaa mwishoni mwa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka mpya. La Muheza hujaa katikati ya mwaka. Mnunuzi wa Kenya ana bahati ya kuwa na yote mawili bila ushuru, achague kwa kalenda tu: Januari na Februari la Misri, Juni na Julai la Muheza. Mtanzania naye asivuke kwa ajili ya machungwa katikati ya mwaka. Avuke Februari, kama ana hamu.

Ila la Misri nalo lina njia yake ya kupanda. Linapita Bahari ya Shamu kuja Mombasa, na tangu mwishoni mwa 2023 meli ziliposhambuliwa huko, nauli na bima za njia hiyo zilipanda. Ushuru ukabaki sifuri vile vile. Muuzaji akikwambia "ushuru umepanda" kwa chungwa la Misri, mwambie taratibu si ushuru, ni meli.

Neno moja kwa atakayesoma haya baadaye: Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara yake ilianza rasmi 1 Januari 2021, linakusudia kushusha ushuru kati ya nchi za Afrika hatua kwa hatua. Tofauti hii ya tufaha na chungwa inaweza kupungua. Muulize wakala wa forodha kabla ya kuweka hela nyingi.

Nyanya na mboga za majani

Hapa sina mengi. Nyanya haisubiri. Za Ngarenanyuki, huku Arusha, na za Loitokitok zinapishana hapa mpakani, tenga moja linakwenda, kreti moja linakuja, kutegemea nani kavuna wiki hiyo. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli tarehe 1 Desemba 2018, kimesaidia sana: unasimama mara moja tu, upande unaoingia, badala ya kugongewa muhuri huku kisha ukaanze foleni kule. Kwa nyanya masaa matatu ni hela. Nunua upande uliovuna juzi, basi. Mchicha na sukuma usivukie kabisa, zitanyauka kabla hujapata chenji.

Mchele

Kwa Mkenya chaguo ni tatu: pishori ya Mwea, mchele wa Tanzania kutoka Mbeya, Kyela, Kahama au Ifakara, na mchele wa Pakistani. Wa Mwea na wa Tanzania haulipi ushuru wa forodha. Wa Pakistani kwa kanuni ungelipa ile asilimia 75 au dola 345 kwa tani, na Tanzania ndivyo inavyotoza. Kenya, ambayo mpunga wake hautoshi watu wake, huomba kila mwaka iruhusiwe kutoza kidogo: asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Kwa hiyo mchele wa Pakistani utaukuta ni wa bei ya chini Nairobi na adimu Arusha, na sababu ni hiyo hiyo moja inayosomeka pande mbili. Nchi yenye wakulima wengi wa mpunga imeweka ukuta mrefu, nchi yenye walaji wengi imeupunguza.

Mimi mkazi wa huku nanunua wa Kyela bila kufikiri, kwa harufu. Ningekuwa na hoteli Kitengela yenye wateja mia kwa siku, ningenunua wa Pakistani kwa pilau ya mchana, maana unajitenga punje kwa punje na hauvunjiki, na wa Tanzania kwa wali wa nazi. Pishori halisi ya Mwea ni ya sherehe, na ukiipata bei ya kutupa ujue imechanganywa.

Mahindi nayataja kwa onyo tu. Ndani ya jumuiya ni sifuri, lakini tarehe 5 Machi 2021 Kenya iliyazuia ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, malori yakapanga mstari hapa, na baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti ya vyeti. Aliyekuwa na mahindi makavu na cheti alipita. Aliyekuwa na cheti bila mahindi makavu, au mahindi makavu bila cheti, alibaki barabarani.

Mwenye kirikuu

Kwa wewe kuna jambo ambalo linaniuma kuliko mengine yote niliyoandika.

Kila wiki naona vijana wanapitisha vitunguu na nyanya kwa njia za panya, kwa bodaboda, usiku, wakizunguka kituo. Nikiwauliza kwa nini, wanasema wanakwepa ushuru. Ushuru gani? Kitunguu cha Mang'ola ni sifuri. Mtu anawalipa wabebaji, anawalipa wa njiani, anahatarisha pikipiki na mzigo, ili akwepe kodi ambayo haipo. Na akikamatwa hana karatasi ya kuonyesha kwamba zao ni la ndani ya jumuiya, kwa hiyo hata ile sifuri yake anaipoteza.

Fanya hesabu ya halali. Kirikuu kibebe kilo 700 za vitunguu. Kwa Sh 1,600 kilo, mzigo ni Sh 1,120,000. Utaratibu rahisi wa jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo unakubali mzigo wa hadi dola 2,000, ambayo kwa dola ya Sh 2,500 ni milioni 5. Uko mbali sana chini ya mstari. Unachohitaji ni cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha zao limelimwa wapi, kinachojazwa hapa hapa mpakani, na kwa sababu ni zao la shambani, cheti cha afya ya mimea na kibali cha kusafirisha. Viwili hivyo vya mwisho ndivyo vinavyochukua muda, kwa hiyo vianze kabla hujapakia, sio ukiwa na vitunguu juani kama mimi. Mwenzako wa Kenya naye awe na kibali chake cha kuingiza mazao. Ukishavijua mara moja, mara ya pili ni nusu siku.

Weka gharama hizo ndani ya bei ya kilo kabla ya kulinganisha. Nafuu ya shilingi 15 za Kenya kwa kilo inatosha kulipia karatasi, mafuta na kijana wa kupakua kwa kilo 700. Nafuu ya shilingi 4 haitoshi, hiyo siku lala nyumbani.

Mteja wangu wa Kitengela sasa anakuja na kikokotoo mkononi. Mwezi wa pili mwaka huu alifika mapema, hata salamu hazijaisha akaniuliza, "Mama, leo bob moja inakula ngapi?" Nikamtajia shilingi moja yao inabadilishwa kwa ngapi. Akapiga hesabu, akabonyeza shingo za vitunguu vitano kutoka neti tano tofauti, akachukua neti mbili badala ya sita zake za kawaida. Akachagua matufaha kumi na mawili ya kikapuni kwa ajili ya watoto. Machungwa aliyatazama, akapima moja kwa mkono, akalirudisha. "Hii imekauka, Mama. Machungwa nitachukua ya Misri huko kwetu. Yako nitakuja kuchukua mwezi wa sita."

Nikamfungia neti zake mbili, boda akaja.